Nyumba Mpya Ukague Nini?

“Mwalimu, nyumba mpya ukague nini?” Dalali aliniuliza hivyo kwa kicheko, tukiwa tumesimama kwenye kibaraza cha nyumba ambayo rangi yake ilikuwa bado inanuka, na kwa wakati ule sikuwa na jibu. Ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, na kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa kikavu na kisafi. Vigae vilimeta, mifereji ilitoa maji, na pale mbele palikuwa na mlango wa nakshi uliochongwa kwa mtindo wa Lamu. Kwa miaka 30 niliwafundisha watoto wa hapa Malindi kwamba nyumba njema si mlango, nikawataka wafungue waingie ndani. Kisha nikastaafu, nikapokea kiinua mgongo changu, na kitu cha kwanza kilichonivuta kwenye nyumba ya shilingi milioni 9.5 kikawa mlango.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, miongoni mwa nyumba nane zilizojengwa ndani ya ua mmoja upande wa Casuarina, mahali ambapo usiku ukitulia unasikia mawimbi. Nilikwisha kuzungumza na wakili, rasimu ya mkataba ilikuwa mezani kwake, na arubuni ya asilimia 10 nilikuwa nimeiandaa. Aliyenizuia ni mtoto wa kaka yangu anayeishi Uingereza, ambaye alinipigia simu kunipongeza na katikati ya pongezi akauliza, “Shangazi, mkaguzi wako amesemaje?” Nikamjibu kwamba wakili ameshatazama hati na hazina doa. Akaniambia kwamba hakuuliza habari za wakili.

Alinieleza kuwa huko aliko nyumba mpya kwa kawaida huuzwa pamoja na dhamana ya miaka 10, inayojulikana zaidi ikiwa ile ya NHBC, shirika la huko linalotoa dhamana za nyumba mpya, na kwamba katika miaka 2 ya mwanzo mjenzi mwenyewe ndiye anayewajibika kurekebisha kasoro zinazoingia katika dhamana hiyo. Hata hivyo, wanunuzi wengi humlipa mtu wao apite chumba kwa chumba, aandike kila kilichopinda na kila kinachovuja, wakamkabidhi mjenzi orodha hiyo. Nilikaa nikifikiri. Ikiwa mwenye dhamana ya miaka 10 mfukoni bado anakagua, mimi niliyekuwa naahidiwa kwa mdomo tu kwamba “likitokea lolote tupo” nilikuwa nategemea nini?

Hapa niseme jambo ambalo watu wa pwani tutaelewana. Kumwambia muuzaji kwamba utaleta mtu wa kukagua ni jambo linaloona haya kutoka kinywani. Muuzaji amekukaribisha, amekuletea soda ya baridi, amekuuliza hali ya wajukuu, na msikitini huenda anasali safu moja na shemeji yako. Ukitaja mkaguzi ni kama umemwambia kwamba humwamini. Nilichelewa siku nne kwa sababu hiyo peke yake, na sioni aibu kulikiri, kwa kuwa nina hakika wapo waliochelewa mpaka wakalipa. Nilipolisema hatimaye, nilisema kwamba mimi sijui zege, na kwa kuwa sijui, nitamleta anayejua anisomee. Muuzaji alikunja uso kidogo, kisha akasema karibu.

Kabla ya hapo nilikuwa na dhana kwamba nyumba ile imeshakaguliwa na watu wengi, na dhana hiyo ndiyo iliyonipotosha kuliko mlango. Wakili hutafuta kama ardhi ni ya anayeiuza na kama haina deni, hapandi darini. Mthamini wa benki, kwa wanaochukua mkopo, huangalia kama nyumba ina thamani ya kulinda fedha za benki, na ripoti yake ni ya benki, hata kama gharama umeilipa wewe. Kaunti huidhinisha michoro na hutoa cheti cha kukaliwa nyumba inapokamilika, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wakandarasi na miradi. Karatasi hizo zote ni za lazima kuulizwa, na mimi nilizidai, lakini hakuna hata moja inayosema kwamba sakafu ya bafu lako la juu haivuji. Tunakumbuka jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50, jengo ambalo lilikuwa limekwisha kuamriwa libomolewe na bado lilikuwa na wapangaji. Amri ilikuwepo, na waliolipa kodi ndani yake hawakuwa na mtu wao wa kuwaambia.

Kumpata mtu huyo hakukuwa rahisi. Wa kwanza niliyeelekezwa alikuwa mchangamfu mno kwenye simu; nilipomtajia jina la muuzaji akasema wanafahamiana sana, nisijali gharama, atamalizana naye wenyewe kwa wenyewe. Nilimshukuru nikakata simu. Wa pili alikuwa fundi hodari, binamu wa marehemu mume wangu, lakini katika dakika tano za mwanzo alishaanza kunipigia hesabu ya kurekebisha alichokuwa bado hajakiona. Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Nasema tu kwamba anayekula kutokana na ubovu wa nyumba yako hawezi kuwa ndiye anayeutafuta, kama vile anayekula kutokana na kuuzwa kwake hawezi.

Wa tatu alikuwa mhandisi kijana kutoka Mombasa, ambaye jina lake nililikuta kwenye orodha ya wahandisi waliosajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na leseni yake ilikuwa ya mwaka huo. Nilimuuliza kama aliwahi kufanya kazi na muuzaji, nani mwingine angesoma ripoti yake, na kama ana mafundi wa kunipa. Akajibu hapana, hakuna mwingine ila mimi, na hana. Malipo tulikubaliana shilingi 45,000 pamoja na nauli yake, kiasi ambacho hakifiki hata nusu ya asilimia moja ya bei ya nyumba. Kwa kulinganisha, ushuru wa stempu peke yake kwa mali ya mjini ni asilimia 4, na huo hakuna anayeuita gharama ya bure.

Alikuja na mkoba mmoja wa turubai. Nilitarajia mashine, alichotoa kwanza ni timazi na pima maji, vitu ambavyo babu yangu alikuwa navyo, kisha tochi, tepu, penseli, kifaa kidogo cha plastiki cha kuchomeka kwenye soketi na nyundo nzito yenye springi ya kupimia ugumu wa zege. Kabla ya kugusa chochote alizunguka nyumba kwa nje mara mbili, kimya. Nyuma, karibu na ukuta wa ua, palikuwa na rundo la mchanga uliobaki. Akainama, akachukua chembe chache kwa ncha za vidole, akaonja, akatema pembeni.

“Mama, mchanga huu ulitoka wapi?”

Sikujua. Msimamizi wa ujenzi akasema umetoka kwa mwenye lori. Mhandisi hakubishana naye. Alijaza mfuko mdogo wa plastiki, akaandika tarehe juu yake, akaniambia kwamba ulimi si maabara na kwamba chumvi itapimwa. Kisha akanieleza kitu ambacho nadhani kila anayenunua nyumba kati ya Watamu na Mambrui inafaa akielewe. Zege lililo zima hukilinda chuma kilichomo ndani yake kisipate kutu. Chumvi ikiwamo, iwe imeingia na mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa au imepenya kidogo kidogo kutoka kwenye hewa ya bahari, ulinzi huo huvunjika. Kutu inapoanza, hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zaidi ya mara mbili yake, na kwa kuwa zege haliwezi kutanuka, hupasuka. Mipasuko huingiza unyevu zaidi na chumvi zaidi. Ndiyo sababu karibu na bahari chuma hutakiwa kufunikwa na zege nene, sentimita 4 au 5, badala ya zile 2 na nusu zinazoweza kutosha kwenye dari ya ndani huko bara.

Nilikumbuka nyumba za mji wa kale wa Lamu, ambako tulikuwa tukienda kwa jamaa za mume wangu. Kule ukilala chali unaziona boriti za mikoko juu yako, unaweza kuzihesabu, na iliyolika na mchwa unaiona. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti haziwezi kuvuka upana mkubwa, na kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba ile haikufichi kitu. Hii ya kwangu ilikuwa na ukumbi mpana wa kupendeza, na kilichoushikilia upana huo kilikuwa kimefukiwa ndani ya zege, chini ya plasta, chini ya rangi tatu.

Chini ya roshani, kwenye ukingo wa mhimili, mhandisi alinionyesha mstari wa rangi ya kahawia, mwembamba kama uzi, ambao mimi ningeapa kwamba ni uchafu wa mvua. Aliomba ruhusa ya kubandua plasta sehemu ya ukubwa wa kiganja. Msimamizi alisita, akapiga simu, akarudi akisema sawa. Plasta ilipodondoka, chuma kilionekana karibu na uso wa zege kiasi kwamba sehemu moja ungeweza kukikwaruza kwa ukucha, na tayari kilikuwa na magamba ya kutu. Hapo ndipo msimamizi alipotuambia, kwa sauti ya chini, kwamba mradi ulisimama mwaka mzima kwa kukosa fedha, vyuma vikiwa wazi, masika yote na vuli yote. Hakuna aliyenidanganya kuhusu hilo, kwa kuwa sikuwahi kuuliza. Sasa naona kwamba neno “mpya” lina maana ya kumalizwa hivi karibuni, na halisemi kazi ilianza lini.

Ndani alikwenda polepole zaidi. Alichukua sarafu ya shilingi kumi akawa anagonga vigae kimoja baada ya kingine, akiwa amepiga magoti, na baada ya dakika chache hata mimi niliweza kutofautisha: kigae kilichoshikwa vyema hutoa mlio mfupi na mzito, na kilicho na uwazi chini yake hulia kama kabati tupu. Sebuleni vilikuwa 14. Kifaa cha plastiki kilipochomekwa kwenye soketi mbili za jikoni kiliwasha taa zilizoonyesha kwamba waya wa kwenda ardhini haukuunganishwa, jambo ambalo lisingeniathiri mpaka siku birika la umeme lingeharibika huku mkono wangu ukiwa na maji. Milango ilikuwa mizuri. Madirisha yalikuwa na kasoro ndogo ndogo ambazo sitawachosha nazo.

Bafu la juu ndilo lililochukua siku nzima. Aliziba tundu la maji kwa mfuko wa plastiki uliojazwa mchanga, akafungulia mfereji mpaka maji yakasimama vidole viwili juu ya sakafu, akachora mstari kwa penseli pale yalipofika ukutani, akafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Asubuhi ya pili tulipofungua, maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Tukateremka jikoni. Kwenye dari, juu kabisa ya mahali ambapo ningeweka jiko langu, palikuwa na doa la unyevu la ukubwa wa sinia, na katikati yake tone moja lilikuwa limening'inia bila kudondoka. Dalali, ambaye alikuja siku hiyo kwa hiari yake, alilitazama lile tone kwa muda mrefu kuliko sote. Hakucheka.

Nje kulikuwa na jambo la maji taka. Wengi wetu hapa Malindi hutegemea tangi la maji taka na shimo la kunyonya, kila ua na lake, kwa hiyo si jambo la kuachia jirani. Mhandisi alifunua vifuniko, akamwaga maji yenye rangi chooni na kusubiri yatokee, akapima kwa hatua umbali kati ya shimo na kisima cha ua. Yeye alitaka angalau mita 30. Alikuta hatua 11. Katika ardhi yetu ya matumbawe, yenye matundu kama sifongo, maji hayasumbuki kusafiri.

Inafaa niseme pia asichoweza kukiona, maana yeye mwenyewe alikiandika ukurasa wa kwanza. Msingi haukuonekana. Kama iliwekwa karatasi ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, na kama ardhi ilinyunyiziwa dawa ya mchwa kabla ya kumwaga sakafu, hakuna aliyeweza kuthibitisha ila kwa stakabadhi na picha, na muuzaji alikuwa na stakabadhi ya dawa tu. Nyundo yake nayo hupima ugumu wa uso wa zege na kukadiria nguvu yake. Haisemi kila kilichomo. Aliniambia kwamba laiti ningemwita nilipoanza kuizungumzia nyumba, ikiwa bado haijapigwa plasta, angeona mara kumi zaidi kwa fedha zile zile. Wanaonunua kwenye michoro, wakilipa kidogo kidogo, wana nafasi hiyo: aje msingi unapochimbwa, aje vyuma vinapofungwa kabla ya zege kumwagwa, aje tena kabla ya plasta. Zege likishamwagwa, hata maji ya kulimwagilia kwa siku 7 za mwanzo, ambayo ndiyo huamua kama litakomaa vizuri, hayawezi kurudishwa nyuma.

Ripoti ilikuwa na kurasa 22 na picha, kasoro 37, kila moja ikiwa na uzito wake. Nne aliziweka kwenye kundi la kutolipa kabla ya kurekebishwa: mhimili wa roshani, bafu, nyaya za jikoni, na kisima. Majibu ya mchanga yalikuja wiki moja baadaye, na chumvi ilizidi kiwango. Msimamizi alisema rundo lile lilikuwa la plasta, wala si la zege, na mhandisi akaandika kwamba madai hayo hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa bila kutoboa nguzo na kuchukua sampuli. Walitoboa mbili. Zege lilikuwa salama. Usiku ule nililala.

Kikao na muuzaji kilikuwa kigumu kwa nusu saa ya mwanzo. Alisema kwamba wanunuzi saba wengine hawakuleta mhandisi, na mmoja wao ni daktari. Sikuwa na la kusema juu ya daktari. Wakili wangu, mtu wa maneno machache, alimpa ukurasa wa picha ya chuma chenye magamba, kisha akaomba mkataba uongezwe vifungu viwili: kwamba zile kasoro nne zirekebishwe na mhandisi azione kabla sijalipa salio, na kwamba asilimia 5 ya bei ibaki mikononi mwa mawakili mpaka mwisho wa Juni, masika yakiwa yamepita, kwa kuwa nyumba iliyokaguliwa wakati wa kaskazi haijaulizwa swali la mvua. Muuzaji alikataa asilimia 5, tukakubaliana 3. Alikubali pia kulirekebisha tena lile bafu kwa gharama yake hata likivuja baada ya mimi kuhamia, ndani ya miezi 12. Yale mambo mengine 33 aliyarekebisha mengi, mengine nusu nusu.

Sidhani kwamba alikuwa na nia mbaya. Hakuwa amewahi kujaza bafu maji akalifunga usiku kucha. Aliwaamini mafundi wake kama mimi nilivyokuwa tayari kumwamini yeye. Mwezi wa Mei, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo na kusi ikiisukuma ukutani, maji yaliingia chini ya dirisha la chumba cha kulala, kasoro ambayo haikuwamo kwenye orodha, na mafundi walikuja siku ya pili kwa sababu ile asilimia 3 ilikuwa bado haijatoka. Tarehe 30 Juni niliiachia. Majirani wawili wa ua ule wameshachukua namba ya mhandisi, na kisima kimefungwa kwa kifuniko cha zege.

Kilichobaki ni ngazi. Vidato vyote vya kupanda ghorofani vina kimo cha sentimita 17, isipokuwa cha mwisho juu, ambacho ni 21, na mguu uliozoea 17 hupiga ukingo wake. Kilikuwa nambari 29 kwenye ripoti. Muuzaji alisema kukirekebisha ni kuvunja ngazi nzima, mhandisi akakubali kwamba ni kweli, na mimi nikaachia. Nimekipiga utepe wa manjano, na wageni wangu wote, hata baada ya kuuona, bado hujikwaa.